Voisi moja, nyumba nzima ugomvi

SUALI: Asalaam alaykum shangazi. Kwenye grupu letu la familia iliingia voisi, mwanamme hata hatumjui anasema kesho kusi kali, boti hazitembei na anaesafiri shauri yake. Mume wangu alikuwa na tiketi ya Unguja. Mama mkwe akalia, akasema haendi mtu. Shemeji akacheka, eti hizo fitna za biashara, wenye boti wanaharibiana. Mume akasema grupu zima hamjui kitu, akalala. Ugomvi mpaka usiku, na asubuhi boti ikaondoka na ikafika salama. Sasa shemeji anataka mama atolewe kwenye grupu, eti mtu mzima hajui mambo ya simu. Voisi si moja? Vipi kila mtu kasikia yake?
– Mke wa nyumba kubwa, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mama mkwe asitolewe popote, hilo tulimalize mwanzo.

Nyie vijana mkisikia upepo mnafikiria kutapika tu, lakini mtu mzima wa Pemba ukimtajia boti na upepo anarudi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija huko huko kwenu na misiba ikaingia nyumba ngapi, sasa huyo mama unataka aisikie voisi ile kama anavosikia mtoto alokuwa darasa la pili wakati huo? Kasikia kwa alichokipitia. Na shemeji nae kasikia kwa anachokiamini, kwamba kila kitu mjini ni fitna ya biashara. Wote wawili hakuna aliyeangalia, tofauti ni kuwa mmoja kalia na mwengine kacheka, na huyu wa kucheka anajiona mjanja.

Hili wataalamu wamelitizama zamani. Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mpira wao ule wa kubebana, mechi ikawa ya rafu kweli kweli. Baadae watafiti wakawaonesha wanafunzi wa pande zote mbili filamu ile ile wahesabu makosa, na wa Princeton wakayaona makosa ya Dartmouth kama mara mbili ya waliyoyaona wa Dartmouth wenyewe. Matokeo yakachapishwa 1954. Kaa maskani siku ya Simba na Yanga utaona hayo hayo bila ya filamu. Mwaka 1985 ukatoka utafiti mwengine, watu wa upande wa Waarabu na wa upande wa Israel wakaoneshwa habari zile zile za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya 1982, na kila upande ukasema habari zimewapendelea wenzao.

Lakini si upande peke yake, kuna na uvivu wa kufikiri. Mpe shemeji hili: urojo na kachori jumla 2,200, urojo umezidi kachori kwa 2,000, kachori bei gani? Akikurukia na 200, mwambie apige tena hesabu, maana kachori ni 100 na urojo 2,100. Utafiti uliotoka 2019 uliona wanaoyajibu sawa masuali ya mtego kama haya ndio wanaopambanua zaidi habari ya uongo na ya kweli, hata habari yenyewe ikiwa inawapendeza.

Na wala msije mkafanya kila voisi ya upepo ni uongo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja boti zilisimamishwa kweli, na siku ile anaecheka ndie wa kuogopewa. Kwa hiyo ikiingia tena, angalieni ile mishale ya WhatsApp ya kuonesha imetumwa tena: ikiwa miwili hiyo imeshapita mikono mingi na hakuna anaejua imetoka wapi wala lini. Halafu fungueni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku hiyo, pigeni na simu kwenye ofisi mlipokata tiketi. Kazi hiyo apewe shemeji maana simu anaijua, ampelekee mama majibu kwa adabu, asimwambie "si nlikwambia".

Ama huyo mumeo alosema grupu zima hamjui kitu, yeye alitizama wapi kabla ya kulala? Muulize, kisha niandikie.