Nilipandisha bei ya chumba, mzee wa zabibu akahama

Juzi mdogo wangu mmoja wa Singida ameniandikia: "Dada, nina gesti ya vyumba vinane. Sabuni imepanda, mishahara imepanda. Na mimi nipandishe bei?" Sikuweza kumjibu kwa neno moja, kwa sababu mwaka 2023 swali hilo lilinipotezea mtu.

Gesti yangu iko Dodoma, vyumba 14. Huku kwetu biashara inafuata kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti, na vyumba vinatafutwa kwa kupigiana simu. Aprili ile nilitoka shilingi 35,000 nikaenda 50,000 kwa siku moja, sikumwambia mtu. Nikajaa. Nikajua nimeipatia.

Mzee wa zabibu, mfanyabiashara wa zabibu, alikuwa akilala chumba namba 6 karibu kila wiki, miaka mitatu. Alifika saa nne usiku, binti wa mapokezi akamtajia bei mpya. Hakubishana. Alihesabu hela zake, akazirudisha mfukoni, akabeba begi lake. Nilikuwa chumba cha nyuma, nasikia kila kitu, na sikutoka. Inaniuma mpaka leo.

Julai mji ukapoa, nikashusha hadi 25,000 nikitegemea watu watafurika. Wapya wakawa wanauliza kama maji yanatoka, kama kuna kunguni. Waliolipa 50,000 mwezi uliotangulia wakaona nimewaibia, maana kitanda ni kilekile na neti ni ileile.

Wageni hawafanani mbele ya bei. Wa semina, ambaye ofisi yake inailipa gesti moja kwa moja, hajawahi kuniuliza bei. Anauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na intaneti. Mtumishi aliyepewa posho mkononi ana hesabu kali, kwa sababu kinachobaki ni ada ya mtoto. Mfanyabiashara ndiyo kabisa: hela ya chumba inatoka kwenye faida ya mzigo. Huyo haombi kupunguziwa. Anahama, na wenzake wanamfuata. Halafu tangu treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma ianze mwaka 2024, mtu wa Dar akiona bei haieleweki anamaliza shughuli zake mchana, jioni anarudi kulala kwake.

Siku hizi bei ya msimu wa Bunge naitangaza mwezi mzima kabla. Wateja wa kudumu bei yao siigusi. Mji ukipoa sishushi chini ya bei ya kawaida, naongeza chai na chapati asubuhi. Bunge la bajeti lililopita nimejaa hadi tarehe 30 Juni, na sijagombana na mgeni hata mmoja. Najivunia hilo.

Wenye gesti wenzangu, tuache tamaa ya wiki kama kumi na mbili za Bunge. Mwaka una wiki 52, na hizo nyingine tunalishwa na watu wasiokuwa na posho wala semina. Mwambieni mgeni bei kabla hajapanda basi, si akiwa amesimama mlangoni usiku na begi mkononi.

Mdogo wangu, kabla hujagusa bei fungua daftari la wageni, uweke alama kwenye majina yanayojirudia. Hao wapigie wewe mwenyewe, usimwachie binti wa mapokezi.

Mzee wangu analala gesti ya jirani. Tukikutana namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anapita.