Sura ya rangi ya chungwa ukumbini: tatizo ni mizani ya weupe

Umepiga picha za harusi ukumbini, sura ya bibi harusi ikatoka ya chungwa, na unasema kamera yako "haiwezi ngozi nyeusi". Hapana, si hivyo. Sura imetoka hivyo kwa sababu mizani ya weupe (white balance, mpangilio wa kamera unaofanya kitu cheupe kionekane cheupe chini ya mwanga uliopo) iliachwa kwenye auto, yaani kamera ijichagulie yenyewe. Balbu za njano za ukumbini huwa kati ya Kelvini 2,700 na 3,200 hivi (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga huwa wa njano zaidi), jua la mchana ni kama 5,500, na auto ya kamera nyingi hubakiza umanjano fulani kwa makusudi ili picha ionekane na joto. Mapambo ya rangi moja ukuta mzima nayo huipotosha hiyo auto.

Tumia kadi ya kijivu, yaani kadi ya kijivu kisichovuta kwenye rangi yoyote. Mpe bibi harusi aishike karibu na uso, ipigwe na mwanga uleule unaompiga yeye, piga picha moja, kisha iambie kamera itumie hiyo kama kipimo. Karatasi nyeupe ya printa si mbadala mzuri, hasa nje, maana nyingi zina dawa ya kung'arisha inayovuta kwenye bluu. Na piga RAW tafadhali, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata: rangi utaisahihisha baadaye bila kuumiza picha, JPEG haikupi nafasi hiyo.

Ila flashi ina rangi ya jua. Ukiichanganya na balbu hizo, uso utakuwa sawa na nyuma kubaki njano, hivyo ivalishe plastiki ya chungwa ifanane na balbu, halafu upime upya. Taa za DJ zinazobadilika rangi hazina kipimo. Msogeze mtu pembeni.