Bana, Usichungulie

Mwaka juzi kisu kiliniteleza kikanikata kidole cha shahada. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, lakini damu ilinitoka karibu nusu saa. Nilibana kwa kitambaa, nikafunua nione kama imekoma, nikafuta, nikabana tena. Kila nilipofunua ilianza upya, na hofu ikazidi kunipanda.

Muuguzi aliyenipokea alikishika kidole akakibana kwa nguvu bila kukiachia, kisha akaniuliza, "Wiki hii umemeza dawa gani?" Nikamwambia aspirini, juzi, kwa sababu ya kichwa. Akasema, "Basi ndiyo hiyo, pamoja na kuchungulia kwako."

Alichonieleza sijakisahau. Ndani ya damu mna chembe sahani, ndogo kuliko chembe nyekundu, zinazotengenezwa kwenye uboho wa mifupa na kuishi siku 7 hadi 10 tu. Mshipa ukikatika, chembe hizi hujibandika pale palipochanika, huota vijimkono na kumwaga kemikali za kuita nyingine, mpaka zinajazana na kuwa kizibo. Kizibo hicho cha mwanzo ni laini mno. Nyuzi za faibrini, protini ya kugandisha damu, ndizo hukifunga baadaye kama wavu, na kazi hiyo inataka muda. Kumbe mimi nilikuwa naking'oa kila baada ya dakika moja! Kwa hiyo weka kitambaa safi, bana dakika 10 kamili ukitazama saa, usifunue. Damu ikilowanisha kitambaa, ongeza kingine juu yake.

Aspirini nayo huzima ule mwito wa chembe sahani. Kwa kuwa hazina kiini, haziwezi kujitengeneza upya, hivyo iliyokwisha kuguswa hubaki hivyo hadi ife. Ndiyo maana kidonge cha juzi kilinifuata hadi kwenye kisu. Lakini kama daktari amekuandikia aspirini kwa ajili ya moyo, nakusihi usiache kwa uamuzi wako. Mtajie tu daktari wa meno au wa upasuaji mapema, kabla hajakugusa.

Wakati mwingine shida ni uchache wa chembe sahani zenyewe. Kiwango cha kawaida ni 150,000 hadi 450,000 katika mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Ukiona vidoa vyekundu kama ncha za sindano miguuni, visivyofifia ukivibonyeza, au fizi zinatoka damu, au michubuko inatokea bila kugongwa, nenda ukapime damu. Majibu yakiwa ya chini nawe huna dalili yoyote, omba kipimo kirudiwe, maana chembe hizi huweza kushikamana ndani ya kichupa na mashine ikazihesabu pungufu.

Na jeraha likiendelea kuvuja baada ya kubana vizuri, au damu ikiruka kwa kasi, usikae nyumbani. Nenda hospitali, na njia nzima mkono wako usiache kubana.