Mtoto ni wa ukoo, waulizeni Wainuit

Salam mhariri na wasomaji wenzangu. Swali la wiki hii linauliza, baba na mama wakiwepo, ndugu wengine wana haki gani kwenye malezi ya mtoto. Wengi wanajibu ndugu wasaidie pale wakiombwa tu. Mimi nakataa, ndugu wana haki yao kamili, na mfano ninao huku Canada, ni Wainuit, watu wa kaskazini kabisa kwenye barafu.

Mi nipo Ottawa, nafanya usafi kwenye nyumba moja wanapofikia wagonjwa wanaoletwa kwa ndege kutoka Nunavut, eneo la Wainuit huko kaskazini, maana hospitali kubwa ziko huku kusini. Kuna mama mmoja mtu mzima, mvi kichwa kizima, alikuwa na mtoto mchanga kambeba kwenye amauti, yale makoti yao yenye mfuko mkubwa mgongoni, mtoto anakaa humo humo anapata joto la anayembeba. Nikamuuliza, mjukuu huyo? Akanambia huyu ni wangu, binti yangu kamzaa nami nimemchukua tangu siku ya kwanza. Na binti mwenyewe kakaa pembeni anacheka na mtoto, wala hakuna siri, atakua anajua nani kamzaa na nani anamlea. Halafu bibi anamwita "baba", kwa sababu kapewa jina la marehemu babake. Kwetu pwani hilo tunalijua, mtoto mwenye jina la babako humwiti ovyo, ila wao wamelipeleka mbali zaidi, jina la marehemu laweza kwenda kwa mvulana au msichana, na anayelichukua anachukua na undugu wake, yani mtoto wa miezi mitatu tayari ni baba wa huyu na kaka wa yule, na wote hao wana wajibu naye. We utamkaripiaje mtoto ambaye ni babako?

Hata aliyemkata kitovu haendi zake tu. Sehemu nyingi za kule kijana akiua sili wake wa kwanza, yule mnyama wa baharini wanayemwinda, anampelekea yule mama aliyempokea siku anazaliwa, na huyo mama anafurahi kama kapata yeye.

Sasa angalia kilichotokea serikali ilipouruka ukoo. Miaka ya 1950 na 1960 watoto wengi walipelekwa shule za bweni mbali na kwao, wengine walipigwa kwa kusema lugha yao, wakarudi hawawezi hata kuongea na bibi zao. Waziri mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni Juni 2008 kwa ajili ya shule hizo, lakini waliorudi hivyo nao wakawa wazazi, na hawakuwa wamelelewa na ukoo wajue inafanywaje. Hilo linaniuma sana.

Kuasili kwa mila, yani kumpa ndugu mtoto amlee kama wake, wenyewe hawakuacha. Kuna sheria iliyoanza kutumika mwaka 1995 huko Northwest Territories, eneo la kaskazini ambalo Nunavut ilikuwa ndani yake, na Nunavut ilipozaliwa 1999 ikaendelea nayo, kwamba mkikubaliana nyie wenyewe mtoto alelewe na nani, mtu wa hapo hapo kijijini aliyeteuliwa anaandika cheti kinasajiliwa mahakamani, basi, hakuna wakili. Na sheria ya Canada nzima iliyoanza Januari 2020 inasema mtoto wa Wainuit au wa wenyeji wengine wa asili akishindwa kukaa na wazazi, atafutwe kwanza ndugu mtu mzima kabla ya mgeni yeyote.

Najua mtasema mabibi wamechoka. Kweli wamechoka, na nyumba za Nunavut zimejaa, watu wanalala sebuleni kwa zamu. Ila dawa yake ni kumjengea bibi nyumba na kumpa hela ya maziwa, kule kila kitu ni bei mbaya, sio kumpakia mtoto kwenye ndege aje alelewe kilomita elfu mbili kutoka kwao na watu wasiojua hata kalibeba jina la nani.