Azimio la Baraza la Usalama: nguvu yake iko wapi?

SWALI: Naanza kuandika habari za kimataifa. Baraza la Usalama likipitisha azimio, nitajuaje kama lina meno?

JIBU: Hotuba za mabalozi ziache kwanza, soma azimio lenyewe. Utangulizi upitie haraka. Uzito uko kwenye aya zenye namba, hasa kitenzi kinachoanza kila aya. Baraza “likiamua”, nchi wanachama zinabanwa na kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. “Likitoa wito”, kwa kawaida ni himizo tu. Kisha tafuta kama azimio linataja Sura ya Saba ya Mkataba huo, inayohusu hatua za kulinda amani: kifungu cha 41 ni vikwazo, cha 42 ni nguvu za kijeshi. Maneno “hatua zote zinazohitajika” ndiyo hufungua mlango wa mabomu, kama azimio 1973 kuhusu Libya, Machi 2011.

Wengi hukosea kwenye kura. Zinatakiwa kura 9 kati ya 15, bila mwanachama wa kudumu (Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi au China) kupinga. Kujizuia kupiga kura si kura ya turufu, yaani ya kuzuia azimio, wala si kuunga mkono: azimio hilo la Libya lilipata kura 10, Urusi na China zikiwa miongoni mwa nchi 5 zilizojizuia. Tafadhali usiandike “kwa kauli moja” kwa sababu tu hakuna aliyepinga.