Mzazi wa mtoto mwenye usonji, nunua daftari

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mzazi anayenipigia simu akishuku kwamba mwanawe ana usonji (autism), hali ya ukuaji inayomfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa njia tofauti, kabla hatujazungumzia hospitali. Andika unachokiona, na uweke tarehe. Kwa mfano: Haitiki akiitwa jina, lakini friji ikinguruma chumba cha pili anaisikia. Alikuwa akisema "maji", sasa hasemi. Hunishika mkono akaupeleka kwenye swichi ya pangaboi. Usonji hauna kipimo cha damu. Mtaalamu huutambua kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza mzazi. Siku ya kliniki mtoto anaweza kulia tangu mlangoni hadi mlangoni, na daktari asipate kuona lolote. Daftari litasema yale ambayo yeye hakuyaona.

Wala usidhani elimu hii ni ya madaktari peke yao. Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alikuwa na binti mwenye usonji. Mwaka 1962 yeye na wazazi wenzake walianzisha chama cha watoto wenye usonji London, na mwaka 1979 pamoja na Judith Gould akachapisha utafiti wa watoto wa Camberwell, mtaa wa London, ulioonyesha kwamba usonji una sura nyingi kuliko ilivyodhaniwa.

Kwetu pwani, lawama humwangukia mama. Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, na katika makala yao ya 2015 sababu zilizotajwa ni pamoja na pepo, uchawi na laana, na pia maradhi na kurithi. Nimeambiwa yote hayo sebuleni kwangu. Huko Marekani nako, miaka ya 1950 na 1960, wapo madaktari waliodai kwamba usonji unaletwa na mama asiye na mapenzi. Lakini mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, ambao urithi wao ni mmoja, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Damu ya ukoo ina sehemu yake, mapenzi yako hayana hatia. Mavyaa akikuuliza ulikula nini ukiwa na mimba, mweleze hivyo kwa adabu, mumeo akiwepo. Na chanjo ya surua usimnyime mtoto kwa uvumi kwamba inaleta usonji: Denmark walifuatilia watoto 657,461, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba haiongezi usonji. Dua msomee, mimi namsomea wangu. Ila usikubali afungwe, apigwe au ashindishwe njaa eti ni tiba.

Usingoje karatasi ya daktari ndipo uanze kumfundisha kuwasiliana. Uingereza kulifanyika jaribio liitwalo PACT, likiongozwa na Jonathan Green, kwa watoto 152 wa chini ya miaka 5. Mzazi alirekodiwa akicheza na mwanawe, kisha yeye na mtaalamu wakaitazama video wakitafuta pale mtoto alipojaribu kuwasiliana. Matokeo ya 2016, miaka kadhaa baadaye, yalionyesha dalili zimepungua zaidi kwa watoto wa wazazi waliofunzwa. Usonji haukuondoka, lakini nafuu ilidumu. Mimi niliegemeza simu kwenye kigoda. Kwenye video nikamwona mwanangu akinitupia jicho, mara moja tu, kabla ya kunivuta mkono. Tangu hapo tukikaa chini ya lile pangaboi nalingoja jicho hilo, nasema "washa", kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu! Mpe muda mrefu kuliko unavyoona unafaa.

Huenda nawe ukaombwa kushiriki utafiti. Kilifi, kwa mfano, ni mojawapo ya vituo vya NeuroDev, utafiti unaochunguza vinasaba, yaani chembe za urithi, vya watoto wenye matatizo ya ukuaji nchini Kenya na Afrika Kusini. Mimi naunga mkono, kwa sababu tafiti nyingi za usonji zimefanywa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Lakini uliza kabla ya kutia sahihi: sampuli itatunzwa wapi, nani ataitumia, nauli nani atalipa, majibu ya mwanangu nitapewa, na mtarudi kutueleza mlichokigundua kwa Kiswahili? Fomu isomwe yote mbele yako. Una haki ya kukataa, hata kujitoa katikati, na matibabu ya mwanao yakaendelea vilevile.