Jibu: Je, msimamo wa Nyerere kuhusu ukombozi ulikuwa hotuba tu?

Mkuu, umeuliza kama Mwalimu aliwahi kupoteza chochote kwa kutetea ukombozi wa Afrika. Alipoteza, na mapema sana. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, koloni la Uingereza (leo Zimbabwe), alijitangazia uhuru wa nchi hiyo ili walowezi wachache waendelee kutawala. Mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakutana Addis Ababa, wakaipa Uingereza hadi 15 Desemba iuzime uasi ule, la sivyo nchi wanachama zivunje nayo uhusiano wa kibalozi. Siku ilipofika, nchi nyingi zilikaa kimya. Tanzania ikavunja. Uingereza nayo ikazuia mkopo wa pauni milioni 7.5, fedha nyingi mno kwa nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru. Uhusiano ulirudi 1968.

Mimi hilo naliheshimu kuliko hotuba zake zote, kwa sababu aliijua gharama yake kabla ya kuamua.

Kuhusu Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitenga, ambalo Tanzania ililitambua kama nchi Aprili 1968, ya kwanza barani, hoja ya Nyerere ilikuwa uhai wa Waigbo, kabila kubwa la eneo hilo, baada ya mauaji yao ya 1966. Wenzake wengi wa OAU walimpinga, maana waliogopa mipaka yao wenyewe isije ikavunjika.